Swichi inazima mtandao nikiongeza VLAN ya kamera, umeme ukikatika inapona. Ninunue nyingine?

fundi_kampemba (Lubumbashi) · Jumatano, saa 3 usiku

Bandugu na wakubwa, jambo. Naomba shauri kabla mhasibu wa shule hajatoa pesa bure.

Ninashughulikia mtandao wa shule moja ya sekondari hapa Kampemba. Sikuujenga mimi. Aliyeujenga alipata kazi migodini Kolwezi, akaniachia funguo mbili, kebo ya konsoli ya rangi ya bluu (ya kuingilia swichi moja kwa moja bila mtandao) na karatasi ya maneno ya siri ambayo moja limekosewa herufi. Tuna swichi mbili za Cisco Catalyst 2960, zile za 24TT-L: poti 24 za megabiti 100 na mbili za gigabiti pembeni. Swichi A iko kwenye kabati la ofisi. Ruta ya MikroTik imechomekwa poti kubwa ya kwanza, Gi0/1, na ya pili, Gi0/2, inakwenda swichi B, jengo la pili, chumba cha kompyuta cha wanafunzi. Mtandao umegawanywa kwa VLAN, yaani mitandao iliyotengwa ndani ya swichi hizohizo: VLAN 10 ni ya utawala, VLAN 20 ya wanafunzi. Mwaka mzima haijanisumbua.

Sasa tumenunua kamera nane, nne kila jengo, na rekoda yake itakaa ofisini. Nikasema nizitenge kwenye VLAN 30. Jumatatu nilikaa chumba cha kompyuta, nikaingia swichi A kwa Telnet, yaani kupitia mtandao wenyewe, nikapanga poti ndogo Fa0/13 hadi 16 ziwe za VLAN 30. Vizuri tu. Kisha nikagusa zile poti mbili kubwa. Nilipobonyeza Enter, dirisha likaganda. Nyuma yangu wanafunzi wakaanza kuguna.

Nikakimbia ofisini. Taa zote za swichi ni za kijani, zinapepesa kama siku zote, lakini intaneti hakuna na jengo la pili halifikiki. Prefe, mkuu wa shule, amesimama mlangoni na mikono nyuma. Cha ajabu, sekretari alikuwa anaendelea kuchapa karatasi za mtihani kwenye printa ya mtandao, hana habari na lolote. Nikiwa bado natafuta adapta ya USB ya kebo ya konsoli, saa tisa umeme ukakatika. Jenereta ikanguruma, swichi ikawaka, kila kitu kikarudi! Poti 13 hadi 16 nikazikuta VLAN 1, lakini nikiandika show vlan brief, VLAN 30 bado ipo. Yaani nusu inakumbuka, nusu imesahau.

Jumanne nikarudia, mambo yaleyale. Safari hii umeme ulikataa kukatika, nikachomoa mwenyewe waya wa swichi. Ikapona.

Fundi mmoja wa mjini ameniambia swichi imechoka, kumbukumbu yake imeoza. Anayo nyingine iliyotumika, imevuka Kasumbalesa wiki jana, dola 180. Mhasibu atalipa Ijumaa. Mimi moyo unakataa lakini sina hoja ya kusema. Mnasemaje?

Bwana_Kebo (Mwanza)

Pole mkuu. Hapo tatizo ni moja: hukuhifadhi. Swichi ina mipangilio miwili, running-config inayofanya kazi sasa hivi kwenye RAM, na startup-config inayosomwa ikiwaka. Umeme ukikatika ile ya kwanza inafutika. Kila ukimaliza kugusa kitu andika papo hapo:

write memory

Ukiwa na tabia hiyo hutasahau. Mimi naiandika hata kama sijabadilisha kitu.

kijana_wa_kisauni (Mombasa)

Nyinyi mna vumbi, sisi tuna chumvi ya bahari. Swichi yetu ilikuwa ikifanya vituko kama hivyo, kumbe ugavi wa umeme ndani umechoka, kapasita zimevimba. Ukiiwasha upya yakaa sawa siku mbili, kisha yaanza tena. Kama pesa ipo nunua ndugu yangu, usijitese. Na huyo prefe umwelezee vizuri ni swichi gani, wangu aliniletea ya taa.

mama_konsoli (Bukavu)

Msinunue kitu. Na wewe wa Mwanza, shauri lako ni jema kwa siku nyingine, lakini kwa siku ile ya Jumatatu lingemmaliza huyu kijana. Nitarudi hapo.

Kaka, swichi mbovu haichagui. Umesema mwenyewe sekretari aliendelea kuchapa. Kompyuta yake na printa ziko swichi moja, VLAN moja, kwa hiyo ndani ya swichi A kila kitu kilikuwa kizima. Kilichokufa ni vile vinavyopita Gi0/1 na Gi0/2 tu, yaani hizohizo mbili ulizogusa. Na ilikufa papo hapo ulipobonyeza Enter, siku mbili mfululizo. Kapasita iliyovimba haingoji Enter.

Nibandikie vitu vitatu. Mistari ya juu ya show version. Kisha show interfaces trunk. Na amri zako kama ulivyoziandika, neno kwa neno, usizisafishe. Kabla ya kubandika lolote, ondoa maneno ya siri. Yale yenye namba 7 mbele yanaonekana yamefichwa, lakini yanafumbuliwa na mtoto kwa sekunde.

fundi_kampemba

Mama, aksanti. Bahati nzuri amri huwa naziandika kwanza kwenye faili, ndipo nazibandika. Hizi hapa za Jumanne:

conf t
vlan 30
name KAMERA
exit
interface range fa0/13 - 16
switchport mode access
switchport access vlan 30
exit
interface range gi0/1 - 2
switchport trunk allowed vlan 30

Baada ya mstari wa mwisho ndipo dirisha linaganda. show version inasema imewaka siku moja na saa kadhaa, na chini yake: System returned to ROM by power-on. Kwenye show interfaces trunk, sehemu ya VLAN zinazoruhusiwa:

Gi0/1 10,20
Gi0/2 10,20

Hii ni ya leo, baada ya kupona.

mama_konsoli (Bukavu)

Ndiyo hiyo. Swichi yako ni nzima kabisa, imetii ulichosema. Wewe ndiye uliyesema usichokusudia.

Poti ya tranki, yaani inayobeba VLAN nyingi kwa pamoja kama hizo Gi zako mbili, ina orodha ya VLAN zinazoruhusiwa kupita. Usipoigusa kabisa, zote zinapita. Aliyekutangulia aliibana, akaacha 10 na 20 peke yake, na alifanya vema. Wewe ukaja na

switchport trunk allowed vlan 30

ukidhani unaongeza ya tatu. Huongezi. Unafuta orodha na kuandika mpya yenye 30 peke yake. Ni kama kumwendea askari wa mpaka hapa Ruzizi ukamwambia, leo wapite wenye karatasi ya kamera. Hukusema "na wao pia". Basi utawala umekwama, wanafunzi wamekwama, na wewe uliyekuwa unaongea kutoka upande wa pili umekwama pamoja nao, kwa sababu Telnet yako nayo ilikuwa inapita palepale. Neno lililokosekana ni moja:

switchport trunk allowed vlan add 30

Ukitaka kuitoa baadaye, ni remove 30. Ukijikuta umeharibu orodha na uko kwenye konsoli, iandike upya yote, 10,20,30, mambo yanarudi pale pale bila kuzima kitu.

Sasa lile la nusu kukumbuka nusu kusahau, ambalo ndilo lililokupoteza. Kwenye swichi hizi, VTP (utaratibu wa swichi kupashana orodha ya VLAN) ikiwa kwenye hali ya server kama ilivyotoka kiwandani, VLAN zenyewe haziandikwi kwenye startup-config. Zinaandikwa kwenye faili nyingine ndani ya flash, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, jina lake vlan.dat, na zinaandikwa hapohapo unapotoka kwenye vlan 30, bila kuombwa. Ndiyo maana KAMERA ilibaki. Lakini poti gani iko VLAN gani, na orodha ya tranki, hayo yako running-config. Hukuhifadhi, umeme ukaondoka nayo, swichi ikawaka na orodha ya zamani ya 10 na 20. Ulichokiona kama uponyaji ni swichi kusahau kosa lako.

Na hapa ndipo namrudia ndugu wa Mwanza. Kama huyu kijana angekuwa na mkono wa kuandika write memory kila baada ya Enter, na Jumatatu alikuwa kwenye konsoli, kosa lingeandikwa kwenye startup-config. Umeme ungekatika mara kumi na mtandao usingerudi. Hapo hata mimi ningeanza kuamini swichi imekufa.

Bwana_Kebo (Mwanza)

Dah. Nimekubali mama. Ila bado nashikilia kwamba watu wengi wanaumizwa na kutohifadhi kuliko kuhifadhi mapema.

mama_konsoli (Bukavu)

Hilo hatubishani. Jaribu, angalia, ndipo uandike.

kijana_wa_kisauni (Mombasa)

Na mimi narudisha kapasita zangu mfukoni 😂

mzee_wa_ruashi (Lubumbashi)

Mwanangu wa Kampemba, sisi ni majirani, nikusimulie aibu yangu nawe ujifunze kwa bei rahisi. Nilikuwa nahudumia swichi moja Likasi, nimekaa kwangu Ruashi na kikombe cha munkoyo. Nikafanya kosa lilelile la orodha. Kilomita kama 120 kwa gari, kwenda kuchomoa waya na kuuchomeka tena. Mlinzi aliniangalia nikifanya hivyo akaniuliza, mzee, umekuja kwa hiki tu? Nikamwambia ndiyo. Mpaka leo tukikutana anacheka.

Tangu siku ile sigusi tranki ya mbali bila kuweka kamba ya usalama. Kabla ya kubadilisha chochote andika

reload in 10

Swichi itajizima na kuwaka yenyewe baada ya dakika 10. Ukijikatia njia, unakaa tu, unangoja, inawaka na mipangilio ya zamani. Ukiona kazi yako imekubali, unaandika reload cancel, kisha ndipo unahifadhi. Angalia mtego mmoja: kama tayari kuna mabadiliko hayajahifadhiwa, inakuuliza ihifadhi au la. Jibu no. Ukijibu yes umejifunga kamba shingoni mwenyewe. Na fanya baada ya masomo, kwa sababu ikiwaka upya shule nzima inakaa bila mtandao dakika kadhaa.

Jumatatu umeme wetu wa Lubumbashi ulikufanyia hiyo kazi bila kuombwa. Ni mara ya kwanza nasikia mtu hapa mjini umeme unamkatikia kwa faida.

fundi_kampemba

Nimecheka na nimeona aibu pamoja. Prefe nimemwambia tusilipe kwanza, amenitazama kwa muda mrefu.

Maswali mawili. La kwanza: kwenye swichi B nifanye nini? La pili: kuna video niliyoifuata, jamaa anaanza kwa

switchport trunk encapsulation dot1q

Mimi nikiiandika napata Invalid input na alama ndogo ya kofia chini ya neno. Hii nayo ndiyo ilinifanya niamini imechoka.

mama_konsoli (Bukavu)

Huyo wa video anatumia 3560 au kubwa yake. Zile zinajua njia mbili za kuweka alama ya VLAN kwenye tranki, ISL ya Cisco wenyewe na 802.1Q, kwa hiyo lazima uchague. 2960 inajua 802.1Q tu, haina cha kukuuliza, na amri hiyo haimo kabisa. Ruka mstari huo. Na ile kofia si tusi, inakuonyesha neno lilipoanza kutoeleweka. Futa kuanzia hapo uweke alama ya kuuliza, swichi itakuorodheshea maneno inayoyakubali mahali hapo. Ungeandika switchport trunk allowed vlan ? ungeliona add limekaa kwenye orodha linakungoja.

Swichi B: tengeneza vlan 30 humo pia. Poti inayotazama swichi A iongezewe 30 kwa add. Poti za kamera ziwe access vlan 30. Upande mmoja ukisahau, kamera za jengo la pili hazitaonekana, na utarudi hapa kusema swichi B imechoka. Poti ya rekoda ofisini nayo iwe VLAN 30. Kwa kuwa kamera na rekoda ziko VLAN moja, zinaongea bila ruta. Kwa hiyo Gi0/1 ya kwenda MikroTik usiiongezee 30 leo. Prefe atakuja kutaka kuangalia kwenye simu akiwa nyumbani. Hiyo ni mada nyingine na usiifungulie mlango usiku huu.

Halafu, Telnet. Kila unachoandika, pamoja na neno la siri, kinapita uchi kwenye waya, na upande wa pili wa waya huo kuna wanafunzi wa chumba cha kompyuta. Angalia jina la IOS, programu inayoendesha swichi, kwenye show version. Likiwa na k9 ndani yake, inaweza SSH, ambayo ni kama Telnet lakini inaficha unachoandika.

fundi_kampemba

Lina k9. Nitafanya hiyo pia.

PotiTupu (Goma)

Samahani kuingilia. 24TT-L haitoi umeme kwenye poti. Kamera zako zinawashwa na nini?

fundi_kampemba

Zimekuja na vijisanduku vya kuchomeka katikati, kimoja kwa kila kamera. Vinane.

PotiTupu (Goma)

Sawa. Basi angalia usigeuze pande, tundu la kwenda swichi na tundu la kwenda kamera. Niliwahi kumaliza saa mbili kwa hilo. Na kwenye poti za kamera ongeza spanning-tree portfast. Bila hiyo, kila kamera ikiwaka taa ya poti inakaa rangi ya machungwa sekunde kama 30, swichi inasikiliza 15 na kujifunza 15 kuhakikisha hakuna mzunguko. Kamera nyingine huomba anwani mara moja, zisipojibiwa zinanuna. Kwenye Gi0/1 na Gi0/2 usiiweke kabisa, hapo swichi inahitaji kuwa na wasiwasi.

Bwana_Kebo (Mwanza)

Na port-security, ile ya kuibana poti ikubali kifaa chake tu? Kamera za nje mtu anaweza kuchomoa waya akaweka laptopu yake.

mama_konsoli (Bukavu)

Wazo zuri, wiki ijayo. Ukiiwasha bila maelezo zaidi, inakubali anwani moja ya MAC (namba ya kifaa chenyewe) kwa poti na ikiona ya pili inaifunga poti kabisa, inaandika err-disabled. Lakini waya ukichomolewa inaisahau anwani hiyo, kwa hiyo laptopu ingepita. Na ukiiambia iikariri, siku fundi atakapobadilisha kamera iliyopigwa na radi, kijana atarudi hapa na uzi mpya. Kwanza kamera zionekane.

mzee_wa_ruashi (Lubumbashi)

Na hiyo ya Kasumbalesa, hata kama mtainunua siku moja iwe akiba, msiichomeke kwenye mtandao kabla ya kuisafisha. Swichi iliyotumika inakuja na vlan.dat ya kwao. Ikitokea jina la VTP ni lilelile na namba yake ya marekebisho ni kubwa kuliko yenu, itawafundisha swichi zenu VLAN zake na zenu zitafutika. Mwenye swichi hatajua, na wewe hutajua. Iwashe peke yake mezani, futa startup-config, futa vlan.dat, iwashe upya, iangalie, ndipo uilete kwa wenzake.

fundi_kampemba · Jumamosi, saa 1 jioni

Narudi na habari. Nilingoja leo wanafunzi wameondoka. Nikaanza swichi B nikiwa nimekaa nayo mguuni na kebo ya konsoli, kisha nikaenda A, nayo kwa konsoli. Hata hivyo nikaweka reload in 10 kwa heshima ya mzee. Nikaandika add 30 kwenye Gi0/2 peke yake. Mkono ulikuwa unatetemeka, nasema ukweli. Enter.

Hakuna kilichotokea. Yaani hakuna kibaya kilichotokea. show interfaces trunk ikasema 10,20,30. Simu yangu ya Wi-Fi ikaendelea. Nikaandika reload cancel nikapumua.

Kamera saba zinaonekana kwenye rekoda, safi. Ya nane, ile ya mlango wa nyuma iliyo kwenye Fa0/15 ya swichi A, inaonekana lakini picha inakatika vipande, inasimama, inaruka. Nimebadilisha waya, nimebadilisha kijisanduku cha umeme. Nimeihamishia Fa0/16, ni vilevile. Hii kamera si mpya, niliitoa stoo, ile ya nane ya kifurushi ilifika imevunjika kioo.

mama_konsoli (Bukavu)

show interfaces status, mstari wa hiyo poti na wa kamera nyingine yoyote.

fundi_kampemba

Fa0/14 connected 30 a-full a-100
Fa0/16 connected 30 a-half a-100

mama_konsoli (Bukavu)

Half. Hiyo kamera ya stoo kuna mtu zamani aliifunga kwenye 100 full kwa mkono. Kifaa kilichofungwa kwa mkono hakijadiliani na swichi. Swichi inaitazama, inatambua kasi ni 100, lakini kuhusu full au half haipati jibu, na sheria inaiambia ichague half. Sasa mmoja anaongea na kusikiliza wakati mmoja, mwingine anataka wapokezane. Andika show interfaces fa0/16 uangalie late collision, hesabu ya migongano ya data, utaiona inapanda.

Bwana_Kebo (Mwanza)

Weka speed 100 na duplex full kwenye poti, kwisha kazi.

mama_konsoli (Bukavu)

Itafanya kazi, hadi siku atakapoweka hapo kamera mpya isiyofungwa, aanze upya kuuliza. Ingia kwenye ukurasa wa kamera, uirudishe iwe auto. Poti za swichi ziache auto zote.

Bwana_Kebo (Mwanza)

Leo mama hunipi hata moja 😅

fundi_kampemba · Jumamosi, saa 3 usiku

Late collision zilikuwa zaidi ya elfu mbili. Nimeingia kwenye kamera, kweli ilikuwa 100 full. Nimeiweka auto, sasa inasema a-full a-100 na picha imetulia. Namwona mlinzi wa mlango wa nyuma anakula bukari, naona hata mboga ni sombe.

Yule fundi wa mjini amenipigia kuuliza pesa. Nimemwambia swichi imepona. Akauliza imeponaje, nikamwambia kwa neno moja, akadhani namtania. Mhasibu nimemwomba zile dola 180 aziweke kwenye UPS ya kabati la ofisi, amesema tutaongea.

Aksanti mingi kwenu wote. Mzee wa Ruashi, nikipita kwenu nitaleta munkoyo.

mzee_wa_ruashi (Lubumbashi)

Nangoja. Leta na chupa ya pili ya mlinzi wa Likasi.

mama_konsoli (Bukavu)

Kaka, kabla hujafunga ofisi. Andika show startup-config, ushuke hadi Gi0/2, unisomee orodha.

fundi_kampemba

Inasema 10,20.

Ngoja.